Bibi wa Ukurasa wa Mwisho

Fundi Pindo alikuwa na sheria moja ya nguo, na sheria hiyohiyo aliitumia kwa vitabu: anza kukagua chini. Mtu akimletea gauni lililoshonwa kwingine, hakutazama kola wala mikono. Aliinama, akageuza pindo, akatazama upande wa ndani. Pindo likiwa limenyooka na uzi haukurukaruka, basi na huko juu kuna adabu. Pindo likiwa bovu, hata utie lesi na vifungo vya kung'aa, hicho ni kitambaa cha kupangusia meza. Na riwaya, alisema, ni vilevile. Mwandishi akishachoka, uvivu wake utauona wapi? Mwishoni. Kwa hiyo kitabu kipya kikitua mkononi mwake alifungua ukurasa wa mwisho, akautandaza juu ya meza ya kukatia, akaushika kwa kidole neno kwa neno kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo, mpaka nukta. Kisha akafunga kitabu na kutoa hukumu.

"Kizuri. Wamezikana vizuri."

Au akasema, "Takataka. Mtu kaachwa anatazama dirisha. Anatazama dirisha anangoja nini, basi?"

Shule alikwenda kidogo, kiasi cha kujua njia ya kurudi nyumbani. Herufi nyingine aliziokota ukubwani, kwenye vibandiko vya rili za uzi na kwenye ubavu wa cherehani yake. Lakini ole wake mtu amwambie hajui kusoma. Alijua. Hakwenda mbio tu, na nani kasema kusoma ni mashindano?

Vitabu vyenyewe vililetwa na mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, aliyekuwa muuzaji katika duka la vitabu. Riwaya mpya zikifika dukani zimekunjika jalada au zimelowa pembe, mwenye duka alimwachia. Siku moja mkwe akamwomba mumewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji za watu, apigilie ubao kwenye ukuta wa baraza ya kushonea, apange humo zile riwaya.

"Mama, wateja wako wakiwa wanangoja, wasome," alisema.

"Wateja wangu wanakuja kushona, hawaji kusoma," alijibu Fundi Pindo, akabetua mdomo. Lakini ubao haujamaliza hata mwezi akagundua jambo ambalo mafundi cherehani wote wa dunia wangelilipia: mtu mwenye riwaya mkononi haulizi gauni lake liko wapi.

Hapo ndipo alipojitwika kazi ya kupendekezea watu vitabu, na kazi hiyo akaifanya kama alivyofanya nyingine zote, bila kumuuliza mtu. Riwaya za ubaoni alizigawa mafungu matatu. Kulikuwa na vitabu vya nani kaua. Kulikuwa na vitabu vya mbio, ambavyo mtu anafukuzwa toka jalada mpaka jalada, na akiponea chupuchupu huku, anakimbilia kule. Na kulikuwa na vitabu vya ukoo, vizito kama tofali, ambamo babu anagombana na nduguze juu ya nyumba, watoto wanarithi ugomvi, wajukuu nao wanaurithi bila kujua nyumba yenyewe ilishaanguka.

Pendekezo halikufuata msomaji anapenda nini. Lilifuata hali ya nguo yake. Nguo iliyobakia vifungo tu, mwenyewe alipewa cha mbio, chembamba, asome amesimama. Nguo iliyopigwa bandi, ule mshono wa muda, ikangoja cherehani, alipewa cha nani kaua. Na kama kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa vilevile alivyokileta, kina mfuko wake na harufu ya duka, Fundi Pindo alinyanyuka kwa heshima zote, akavuta cha ukoo, akakipangusa kwa kiganja.

"Hiki soma taratibu, mwanangu. Hakitaki haraka."

Wateja hawakuwa wajinga. Dereva wa teksi, mtu wa maneno mengi na suruali chache, siku moja alikuja kuchukua suruali yake akakabidhiwa tofali.

"Fundi! Cha ukoo?"

"Kina mafunzo."

"Suruali yangu hujaigusa!"

"Nimeigusa. Nimeihamisha toka pale nikaiweka hapa."

"Nina harusi Jumamosi, Fundi!"

"Basi soma mpaka wanapogombana kwa mara ya kwanza, halafu uje."

Hata hivyo walimwamini. Siku hizi wapendekezaji wamejaa kila mahali. Wako wale wa kwenye simu, kila riwaya wanaigawia nyota tano. Hata mbingu ingegawa nyota zake hivyo, ingebaki giza tupu. Wako wanaosema kila kitabu ukikianza hulali, nao macho yao meupe, wamelala usingizi wa pono. Hata mkwe wake pale dukani, mtu akimuuliza kipi kizuri, hujibu kwa upole, "Inategemea unapenda nini." Fundi Pindo hakuwa na inategemea. Alisema soma au usisome, pini ziko mdomoni, na mtu akaondoka na kitabu kwapani kama aliyeandikiwa dawa.

Basi, mchana mmoja mkwe alirudi toka kazini, viatu vinambana, akatoa mkobani riwaya ya nani kaua, mpya, jalada limeparuka kidogo tu.

"Mama, hiki nimekuwekea wewe," alisema. "Nilipokifungua tu, nikasema, hiki kinamfaa mama hasa."

Akaingia ndani kuvua viatu. Maneno hayo tu, hakuongeza, hakupunguza.

Fundi Pindo akaweka mkasi chini. Akafungua ukurasa wa mwisho, akatia kidole. Kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi nyuma, kikatembea tena. Iliandikwa hivi: sumu ile aliitia bibi yake, kwa mkono wake mwenyewe, katika chai ya asubuhi. Na ndiye aliyelia kuliko wote kaburini.

Alisoma mara ya pili, asije akawa amekosea. Hakukosea. Bibi. Chai.

Sasa katika nyumba ile bibi alikuwa mmoja tu. Mjukuu wake aliyekuwa shule ya bweni kila akipiga simu huuliza, "Bibi yupo?" na bibi ni yeye. Na chai ya asubuhi ya nyumba ile ni yeye aliyeipika, birika lilikuwa lake, mtu mwingine hakuthubutu hata kulisogeza. Na wiki hiyohiyo, wiki hiyohiyo jamani, mkwe alionja chai akaweka kikombe mezani akasema, "Mama, leo chai kali."

Kali! Kumbe alikuwa na maana yake. Kinamfaa mama hasa. Fundi Pindo akahisi masikio yanawaka moto. Alikwisha kupigwa vijembe vingi maishani, vya mawifi, vya majirani, vya mdogo wake mwenyewe wa tumbo moja. Lakini cha kupigiwa chapa, kikatiwa jalada, kikauzwa madukani, hicho hakuwahi kukiona.

Mtu mwingine angemwita mkwe akamuuliza. Lakini aliyepigwa kijembe akisema "aah", si amekubali kwamba kimempata? Fundi Pindo hakusema "aah". Asubuhi ya pili birika likaamka baridi. Mwanawe akaja mezani, akatazama kikombe kitupu, akatazama jiko.

"Mama, leo hatunywi chai?"

"Pikeni wenyewe mnywe. Mikono yenu mnaijua."

Mke na mume wakatazamana.

"Na tena," akasema Fundi Pindo, amesimama wima kama mti wa kutundikia makoti, "nguo zilizo juu ya meza yangu ya kukatia, nikizimaliza tu, nahamia kwa mdogo wangu. Nimeapa, na neno langu halirudi nyuma."

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kwani mtu haruhusiwi kuhama?"

Mkwe akanyanyuka. "Mama, nimekukosea wapi? Niambie."

"Nani kasema umenikosea? Wewe ni mtu wa vitabu. Mtu wa vitabu anakosea?"

Akatoka kwenda barazani, akaketi kwenye cherehani, na hapo ndipo moyo ulipomwambia alichofanya. Maana huyo mdogo wake, mjane anayeishi na televisheni isiyozimwa, kwa miaka yote alikuwa akimwambia kwa sauti ya huruma, "Dada, mlango wangu u wazi, siku watakapokuchoka." Na yeye kila mara alimjibu, "Siku hiyo nitakuwa nimeshakufa." Sasa alikuwa aende kuugonga mlango huohuo akiwa hai, na cherehani mgongoni. Na baraza hii mwanawe aliijenga kwa kipimo cha cherehani hii, dirisha likawekwa kushoto mwanga uangukie sindano. Kuondoka hakutaka. Alitaka kuombwa asiondoke, tena kwa maneno fulani ambayo mkwe hakuyasema, na yeye hakuwa tayari kumfundisha.

Lakini kiapo ni kiapo. Akashona.

Kilichofuata kiliushtua mtaa. Kwa mara ya kwanza tangu ashike sindano, Fundi Pindo akaanza kumaliza nguo siku aliyoahidi. Mteja alikuja na uongo wake wa harusi mfukoni, amejiandaa kusikia "njoo kesho", akakutana na nguo imepigwa pasi, imetundikwa. Nesi wa zahanati ya jirani alipopewa sare zake siku ileile aliyoambiwa, alizitazama, akamtazama fundi, kisha bila kuomba ruhusa akamgusa paji la uso.

"Fundi, unaumwa?"

"Toa mkono wako hapa."

"Basi kuna msiba?"

"Vaa nguo zako uende. Mtu akicheleweshewa analalamika, akiwahishiwa anauliza msiba!"

Kila siku lundo la mezani likashuka, na kila likishuka, mwanawe akapita barazani akalitazama kama mtu anayetazama maji ya pipa wakati mabomba hayatoki. Siku moja akaleta ovaroli yake, mfuko umechanika, akaiweka juu ya lundo akijitia hamnazo. Mama akaichukua palepale, akaishona, akamrushia. Kesho yake mfuko mwingine ukachanika. Safari hii ulichanika mstari ulionyooka sana, na fundi yeyote angejua kwamba hapo umepita mkasi. Fundi Pindo alijua. Akaushona nao, akamrushia.

Na kile kitabu? Alikirudisha ubaoni, asije akaonekana amekificha. Lakini kila aliyekigusa alimkanya.

"Hicho weka. Kinatukana wazee."

"Kinatukanaje, Fundi?"

"Bikizee wa watu, ana mkongojo wake, ndiye wamemfanya muuaji. Sumu kwenye chai! Nakwambia mapema, usije ukapoteza macho yako. Bikizee ndiye kaua."

Mwanadamu ukimwambia usisome, umemsomesha. Dereva wa teksi akakitia chini ya kiti cha gari siku hiyohiyo. Kikatoka kwake kikaenda kwa nesi, nesi akakibeba zamuni, wenzake wakakiona, wakaenda kununua chao. Pale dukani mkwe akashangaa, watu wanaingia mmoja mmoja wanaulizia kitabu cha bikizee muuaji, na kila akiuliza wamekisikia wapi, wanamtajia mama mkwe wake.

Ikafika siku juu ya meza ikabaki nguo moja. Nayo ilikuwa ya mkwe mwenyewe. Kitambaa cha buluu chenye vidoti vyeupe, alikileta zamani akapewa cha ukoo, na kwa kuwa ni mtu wa ndani, kikawa kinasukumwa chini, kila mteja anampita. Sasa hapakuwa na wa kumpita. Fundi Pindo alikwisha kukata, alikwisha kuunga, limebaki pindo. Cherehani ya pili, ile ndogo ya akiba, ilikuwa imeshafungwa kamba mlangoni. Na mdogo wake alikwisha kupiga simu kusema chumba kimepigwa deki.

Mkwe alisimama juu ya kigoda, mikono imeinuliwa kidogo, na mama mkwe amepiga magoti chini yake anazunguka na pini. Hawakuwa wanasemeshana. Mkwe alijaribu kusema, "Mama, pindo ukiliacha wazi mimi nitalivaa hivyohivyo," lakini mama alikuwa na pini mdomoni, akajibu "mm", na "mm" ile haikuwa ya ndiyo.

Mara nesi na dereva wa teksi wakaingia barazani pamoja, sauti juu, kitabu mkononi.

"Fundi, wewe ni mtu mbaya!" alisema nesi.

"Mm?"

"Usiseme mm! Nimemchunga yule bikizee tangu ukurasa wa kwanza. Akishika kikombe, nashika roho. Akikohoa, nasema huyo! Akiomba sukari, nasema leo wamekwisha. Kumbe maskini ya Mungu anafuma soksi zake tu!"

"Wewe una nafuu," alisema dereva. "Mimi nilimchukia mpaka nikaanza kumwogopa bibi yangu mzaa mama. Kanitengea chai mwenyewe, nikamwambia sina kiu. Akaninunia mpaka leo. Kumbe muuaji ni mke! Mke wa ndoa, yule aliyekuwa anazimia zimia!"

Fundi Pindo akasema, "Mmm?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Lakini mwenye pini mdomoni sauti zake zote hufanana, na wao waliisikia kama sauti ya mjanja.

"Msikie, anajua alichotufanyia," alisema nesi. "Na huyo mwandishi naye ni fundi. Bikizee kamwita nyanya kitabu kizima. Nyanya kalala, nyanya kaamka. Mke ndiye anamwita bibi, kama wazee wa zamani, bibi yake alimpokea mkoba, bibi yake alimtengea chai. Lakini mimi nilishaambiwa na Fundi bikizee kaua! Bibi sina habari naye, macho yangu yote kwa nyanya."

"Angetuambia ukweli, angetuharibia kitabu," alisema dereva. "Angenyamaza, tusingekisoma. Sasa yeye kafanya nini? Katuuzia uongo mzuri. Hiyo ndiyo kazi ya kupendekeza! Wengine wote wanabahatisha tu."

"Halafu herufi zake," alisema nesi, akafungua kitabu akakinyanyua. "Tazama, kubwa kama zile za mlangoni kwetu zahanati. Hata wewe, Fundi, ungesoma bila kukunja uso. Hiki kinakufaa wewe hasa."

Kinakufaa wewe hasa.

Fundi Pindo akainua kichwa. Juu ya kigoda, mkwe akainamisha chake. Na pale walipokutana macho, Fundi Pindo akaona kila kitu kinapita usoni mwa yule binti kama nguo zinavyopita kwenye kamba siku ya upepo: maneno aliyoyasema akiwa na viatu vinavyobana, ukurasa wa mwisho, birika lililoamka baridi, "mikono yenu mnaijua". Mkwe akafumba mdomo kwa nguvu. Uso ukatulia kama wa mtu aliye msibani, lakini tumbo lilikuwa linatetemeka kwa kicheko. Fundi Pindo alilisikia mpaka chini, pindo lote linacheza vidoleni mwake.

"Ila nina swali," alisema nesi, ambaye kazini kwake amezoea kuuliza mgonjwa mpaka aseme. "Wewe, Fundi, si husoma ukurasa wa mwisho tu? Na pale mwisho wameandika 'bibi yake', basi. Bila kusoma huko mbele, ulijuaje kama ni mke, si bikizee?"

Dereva naye akageuka kumtazama. Pini zile mdomoni Fundi Pindo alizisikia zimekuwa za barafu. Heshima yake yote ya sindano na ya vitabu ilikuwa imening'inia hapo, na mwenye mkasi alikuwa amesimama juu ya kigoda. Neno moja tu, "Mama naye alidhani ni bikizee," na mtaa mzima ungecheka mpaka mwaka ugeuke.

Mkwe akasafisha koo.

"Mama alijua siku ileile," alisema. "Mimi ndiye sikujua. Nimempa kitabu tu, kabla sijavua viatu, akaniambia: tazama vizuri, bibi wa humu si bibi wa mkongojo, ni bibi wa kitandani."

"Alaa!" dereva akapiga makofi. "Bibi wa kitandani!"

Fundi Pindo akazitoa pini mdomoni, moja moja, bila haraka, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Akajipangusa midomo. Mtu mwingine angeshukuru kimoyomoyo akaachia hapo.

"Tatizo lenu watu wa siku hizi," alisema, "hamjui Kiswahili."

"Kweli, Fundi."

"Bibi ni mke. Tangu hamjazaliwa, bibi ni mke. Mtu anasoma bibi, anawaza mkongojo! Anawaza meno yamekwisha! Nani kawafundisha hivyo? Na wewe dereva, nenda kanywe chai ya bibi yako umwombe radhi, usinitie mimi dhambi."

Mkwe akashikwa na kikohozi, akageuka ukutani.

Walipoondoka, nesi akiwa amevuta kingine cha nani kaua na dereva akiapa kwamba safari hii Fundi asiseme neno, baraza ikabaki na watu wawili. Mmoja juu ya kigoda, mmoja amepiga magoti. Pindo nusu lina pini, nusu halina. Cherehani ndogo iko mlangoni na kamba zake.

"Kumbe herufi kubwa," alisema Fundi Pindo, akilitazama pindo.

"Ndiyo, mama. Nilipokifungua tu nikaona, nikasema..."

"Mimi hata ndogo naziona."

"Najua, mama."

Akachoma pini moja. Akaitoa.

"Na chai?"

"Chai gani, mama?"

"Uliyosema kali."

Mkwe akafikiri. Angeweza kupaka mafuta, na hakupaka. "Ilikuwa kali, mama. Ulitia majani mara mbili."

"Nilitia mara moja." Akaichoma tena ile pini. "Labda na nusu."

Pindo lilikuwa limebaki kidogo tu, kazi ya kunywa maji. Na likiisha, lundo limekwisha, na kiapo kiko palepale kinangoja, maana neno la Fundi Pindo halirudi nyuma. Mkwe alilijua hilo. Alisimama bila kupumua sawasawa, kana kwamba akitikisika tu gauni litajishona lenyewe.

"Vua," alisema Fundi Pindo.

Mkwe akavua, akajitanda shuka, akakaa pembeni. Fundi Pindo akaliweka gauni mezani, akalipindua, akalitazama upande wa ndani, akaguna. Lilikuwa pindo zuri kuliko mapindo yote aliyowahi kuyatengeneza.

"Hili halijanyooka," alisema.

Akachomoa pini. Zikatoka zote kwa mkupuo mmoja. Kisha akatazama kiuno, akaona nacho hakimridhishi, akachukua kifumulio. Mikono nayo, nani aliikata hivi? Akafumua bega la kulia, akafumua la kushoto. Muda si muda gauni la buluu lilikuwa vipande vipande juu ya meza, kama siku lilipoanza.

"Mama," alisema mkwe, na sauti yake ilikuwa ndogo, "sasa gauni langu litakuwa tayari lini?"

Fundi Pindo alinyanyuka, magoti yakalia, akaenda kwenye ubao. Mkono ukavipita vitabu vya mbio. Ukavipita vya nani kaua. Ukafika mwisho kabisa, ukavuta kimoja cha ukoo, kinene kuliko vyote, ambacho watu wake ni wengi hata mchapaji kaona huruma akawachora wote mwanzoni kama matawi, nani kamzaa nani. Akakipangusa kwa kiganja. Akakiweka mikononi mwa mkwe.

"Soma taratibu," alisema. "Hakitaki haraka."

Mkwe akakipokea kwa mikono miwili. Hakusema ahsante, maana alijua ahsante ingeharibu. Alikikumbatia tu kifuani, juu ya ile shuka.

"Nakwenda kuweka birika," alisema Fundi Pindo.

"Isiwe kali, mama."

"Itakuwa itakavyokuwa."

Pale mlangoni akamkuta mwanawe amejibanza, ovaroli mkono mmoja, mkasi mkono wa pili, na mfuko bado mzima. Alikuwa amechelewa.

"Mpigie simu mama yako mdogo," alimwambia. "Mwambie kazi bado hazijaisha."

Mwanawe akachungulia barazani. Akaona vipande vya buluu mezani, akaona mkewe na kitabu alichokishika, akaona unene wake. Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea, akaenda kuurudisha mkasi mahali pake.